Kicheko Changu kwa Kiingereza

Nilicheka kwenye msiba wa mume wangu. Naanza na hilo mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu mwingine, maana wapo walioambiwa na kitabu. Nilicheka huku maiti yake imelala hatua tatu kutoka magotini pangu, nikacheka hadi kamasi zikanitoka, na sijawahi kuliungama kwa padre kwa sababu hakuna cha kuungama.

Mimi nimesoma hadi darasa la pili. Yaliyobaki niliyamalizia kwenye kisomo cha watu wazima, tulipokuwa tunasomeshwa jioni kwenye ghala la mpunga, panya wanapita miguuni na watoto wamelala mgongoni. Siandiki kwa ufundi. Ila wajukuu wangu wanne wamefika chuo kikuu, na mmoja anafundisha Kiingereza, basi mtu asije akasema bibi huyu anachukia kusoma. Ninachokichukia nitakisema.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli pale Majengo, mjini Mpanda. Baiskeli zote za mji alizitengeneza isipokuwa yake. Yake ilikuwa na pedali moja, ya pili alimwazima mteja mmoja ambaye hajairudisha mpaka leo. Kwa hiyo alikuwa anaendesha kwa mguu mmoja, anasukuma, anajirusha kidogo, anasukuma, anajirusha, kofia inaruka kichwani, na watoto wa barabara nzima wanamkimbilia nyuma. Alikufa kwa homa ya siku nne. Siku ya tano asubuhi nilikuwa mjane.

Sikulia. Nilikaa kwenye jamvi nimekodoa macho, maziwa yananiuma kwa sababu mtoto wangu mchanga alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla, na mdomo wangu ulikuwa mkavu kama pumba. Wanawake walinong'onezana: huyu asipolia wala kucheka, atamfuata mumewe. Ndivyo tunavyoamini kwetu. Aliyebaki akiwa jiwe, aliyekwenda anamvuta.

Ndipo akaja mtani. Ukoo wetu na ukoo wa mzee mmoja wa Mwamkulu, mrina asali, ni watani tangu kwa mababu. Kwetu mtani ndiye anayekuja msibani wakati wenyewe mmevunjika. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anamtukana na kuwatukana nyie mnaolia, na kaburini anazuia watu wasizike mpaka apewe anachokitaka. Ni kazi. Anaifanya kwako leo, kesho utaifanya kwake.

Mzee yule alivaa kofia ya mume wangu, akapanda baiskeli isiyokuwepo, akaanza kuendesha kuzunguka maiti. Anasukuma kwa mguu mmoja, anajirusha. Anasukuma, anajirusha. Alizunguka mara tatu, uso mkavu, kama mtu anayewahi gari moshi. Akafunga breki mbele yangu, akainama, akasema kwa sauti ileile ya mume wangu, "Mama watoto, ugali umeiva? Mimi nimekufa, lakini tumbo halijapata taarifa."

Hapo ndipo nilipocheka. Kicheko kilitoka kama matapishi, sikuweza kukizuia. Na nyuma ya kicheko kikaja kilio, nikalia mpaka jioni, wanawake wakashukuru Mungu. Binti yangu, ambaye ndiye mtoto aliyenibakia, hakuyaona. Alikuwa na miaka minne, na kwetu watoto wadogo hawakai na maiti. Nilikuwa nimempeleka Misunkumilo kwa dada yangu.

Aliyeyaona ni mtoto wa kiume wa yule mtani. Wakati huo alikuwa kidato cha nne Tabora, kijana mrefu, shati limepigwa pasi hadi linakata. Alishika jembe akachimba kaburi la mume wangu pamoja na wenzake. Na baba yake alipoendesha ile baiskeli, yeye naye alicheka. Nilimwona. Hilo kitabu hakikulisema.

Miaka ikapita. Yule kijana akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, akaenda Uingereza, na tukasikia ameandika kitabu. Kwa Kiingereza, kimechapwa London, kinauzwa hadi Nairobi na Lagos. Mpanda ililewa. Huku kwetu ambako reli inaishia, ambako mtu akisema anatoka Mpanda anaulizwa kama tuna chumvi, mtoto wetu ameandika kitabu kinachosomwa na Wazungu. Katekista alikitangaza kanisani baada ya misa. Nakala moja ilikuja kwa mzee, ndogo tu, ya karatasi laini, ina picha ya kibanda na jua jekundu. Ilipita mkono kwa mkono.

Na mimi nilicheza. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote, na sitalificha. Nilikiweka kile kitabu kichwani, nikazunguka uwanja wa kanisa nikipiga vigelegele, nikiwaambia wanawake wa Majengo, "Huyu ni mtani wangu, huyu. Ukoo mchafu, lakini umezaa akili." Nilikuwa nimebeba kichwani tusi langu mwenyewe, nalizungusha kama ngoma.

Binti yangu wakati huo alikuwa sekondari ya bweni, Tabora. Aliniambia katika barua kwamba zamani dada zake wa shule walisoma vitabu vya Waingereza tu, vya theluji na chai na mabinti wanaotafuta waume. Sasa shule zimeleta vitabu vya Waafrika, kwa Kiingereza, maana sasa Mwafrika anajisemea mwenyewe. Mwalimu alisema hivyo. Nilifurahi. Nilimjibu kwa mwandiko wangu wa kisomo, herufi kubwa kama maboga, kwamba asome sana kile cha mtani wetu, ajue ametoka kwa watu.

Akakisoma.

Alikuja likizo ya Desemba, mvua zimeanza. Nilimpokea stesheni, nikataka kumkumbatia, akanipa begi. Nikasema amechoka na gari moshi. Nyumbani niliivisha samaki wa migebuka na ugali wa muhogo, chakula anachokipenda tangu hana meno. Akasema ameshiba. Kesho yake akasema ameshiba. Siku ya tatu nilimkuta jikoni anaosha sahani yake kabla ya kupakua, anaisugua kwa majivu, kisha akapakua mwenyewe sufuriani, akaenda kula nje ya mlango akinipa mgongo.

Nikamfuata. "Mimi nina ukoma?"

"Hapana, mama."

"Basi geuka nikuone ukimeza."

Hakugeuka. Akasema, "Mama, baba alipokufa ulicheka?"

"Nilicheka."

Nilijibu hivyo hivyo, bila kupepesa, kwa sababu niliona ameuliza jambo la kawaida. Sikujua nimemwaga nini. Akaweka sahani chini, akaingia ndani, akarudi na kitabu. Kilikuwa na muhuri wa shule, pembe zimejikunja kwa kusomwa na wasichana wengi. Akasema, "Shule nzima wanaijua sura hii. Wasichana wawili wa hapa Mpanda waliwaambia wenzao kwamba mama huyo ni wewe. Wananiita binti wa mcheka maiti."

"Nisomee."

"Ni Kiingereza, mama."

"Kwani huyo aliyeniandika ni Mzungu? Kitoe huko kiingie huku."

Akanisomea, neno kwa neno, anasimama anatafuta, anaendelea. Mji hakuutaja kwa jina lake, lakini reli inaishia pale. Mume ni fundi baiskeli. Mke ana alama ya moto shingoni, kama hii niliyonayo tangu nilipoangukia chungu nikiwa mtoto. Nyumba yake inanuka samaki. Maziwa yake yanalowesha nguo mbele za watu wala hana habari. Mlevi mmoja anaingia, amevaa nguo za marehemu, anarukaruka kando ya maiti. Na yule mke, kilisema kitabu, akatupa kichwa nyuma akacheka, meno yote nje, kama fisi aliyeangukia mfupa.

Hapo binti yangu alifunga kitabu.

"Na baiskeli?" nikauliza.

"Baiskeli gani?"

"Ya pedali moja. Na tumbo lisilopata taarifa. Na kwamba mzee ni mtani."

Akafungua ukurasa wa nyuma, akafungua wa mbele. "Hakuna, mama. Sura inaishia na fisi."

Sikutapika, lakini mate yalijaa mdomoni, yale mate ya chumvi yanayotangulia. Maziwa yangu. Yale maziwa yalikuwa ya mtoto aliyekuwa ardhini mwezi mmoja, na yule kijana alikuwa ameyatazama akayaweka mfukoni. Nilimweleza binti yangu habari ya utani yote, mwanzo mwisho. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema taratibu, "Mama, kila mtu akifanya jambo baya anasema ni mila."

Kitabu kilikuwa kimeniwahi. Kilikuwa na jalada, na muhuri, na mwalimu wa kukisimamia. Mimi nilikuwa na mdomo unaonuka migebuka.

Nilitembea hadi Mwamkulu kumwona mzee. Alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, amelala kwenye kitanda cha kamba, lakini ugoro wake ulikuwa pembeni. Mzee huyu alikuwa na tabia moja ambayo wilaya nzima inaijua. Akinusa ugoro lazima apige chafya tatu, na kila chafya ana maelezo yake. "Ya kwanza ya pua," alikuwa anasema. "Ya pili ya serikali. Ya tatu ya mama mkwe, na hiyo ndiyo yenye nguvu."

Nikamwambia, "Mtani, mwanao ameniandika fisi."

"Amekosea nini hapo?" Akapiga chafya ya kwanza.

"Na wewe amekuandika mlevi."

Chafya ya pili haikuja. Alikuwa nayo tayari puani, nikaiona ikirudi. Kile kitabu kilikuwa juu ya kisanduku kando ya kitanda chake, kimefunikwa na kitambaa alichokishona mkewe, kama sanamu ya kanisani. Hakuna mtu aliyekuwa amemsomea.

"Mlevi," akasema. "Siku ile sikuonja hata tone. Mtani hanywi kabla ya kazi. Utawezaje kuiga mtu na wewe umelewa?"

Akanyoosha mkono akakichukua, akakigeuza, akalitazama lile jua jekundu, kisha akakirudisha na akakifunika tena kwa kitambaa. Hilo nililiona kwa macho yangu na likanichefua zaidi, kwamba hata baada ya kujua, alikifunika.

Mwandishi mwenyewe alifika wiki iliyofuata, kuja kumuuguza baba yake. Suti ya kijivu, miwani, viatu vinavyolia. Watu walijipanga kumsalimia. Nilimngoja mpaka uwanja umepungua, nikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Nimekuja kumwangalia mlevi."

Akatazama mlango wa chumba cha baba yake. Akanivuta nje, chini ya upenu, mvua inatiririka mgongoni mwetu.

"Mama, ile ni riwaya. Watu wale ni wa kubuni."

Nikaivuta kanga shingoni. "Na hii umeibuni lini?"

Akavua miwani, akaifuta. Sikumchukia wakati ule, niseme kweli. Bila miwani alikuwa yule kijana wa jembe. Akasema, "Nilieleza utani. Kurasa nne, mama. Baiskeli, ugali, tumbo, kila kitu kilikuwemo. Mhariri wa London akasema msomaji wa kule atachoka na maelezo. Akasema kicheko kikiachwa peke yake kinamshika mtu. Akazikata."

"Alikushika mikono wakati anakata?"

"Hapana."

"Ukasema nini?"

"Nilitaka kitabu kitoke. Hujui tulivyo wengi tunaopanga foleni kwenye mlango ule."

"Na fisi? Fisi naye ni wa mhariri?"

Kuku mmoja aliyelowa akaja akasimama baina yetu. "Fisi ni wangu," akasema.

"Ungeandika kwa Kiswahili mimi ningekusoma. Ningekwambia ulipokosea."

"Kwa Kiswahili nani angenisoma Lagos, mama? Nani London?"

"Na Mwamkulu nani amekusoma?"

Akajaribu kucheka. "Basi ni utani, mama. Kwani mimi na wewe si watani?"

Hapo ndipo nilipomchukia. "Utani una jibu," nikamwambia. "Ukinitukana hapa nakutukana hapahapa, tukimaliza tunakula sahani moja. Wewe umenitukania kwa watu nisiowajua, kwa lugha nisiyoisema, ukafunga mlango. Huko ni kusengenya. Nenda ukamweleze binti yangu kwa mdomo wako."

Alikuja kweli, Jumapili. Alikaa kwenye kigoda changu, akala karanga zangu, akaongea na binti yangu kwa Kiingereza. Saa nzima, mbele yangu, wawili hao wananipita juu ya kichwa kama ndege. Mara binti yangu anatikisa kichwa, mara anatabasamu. Mwishoni akamwambia kwa Kiswahili kwamba ana kipaji, naye aandike.

Alipoondoka nikauliza, "Amesemaje?"

"Amesema ni sanaa, mama. Kwamba mwandishi haandiki kilichotokea, anaandika ukweli ulio chini yake."

"Amekwambia habari ya pedali?"

"Hapana."

Nikachukua kile kigoda nikakimwagia maji ya moto. Binti yangu alinitazama. Likizo ilikuwa imebaki siku tisa, na bado alikuwa anasugua sahani yake kwa majivu kabla ya kula. Nilijua akipanda gari moshi akiwa hivyo, harudi. Mwili utarudi, utaniletea sukari na kitenge, lakini mtoto amekwisha.

Mzee alikufa zikiwa zimebaki siku nne.

Watu walikwenda Mwamkulu kwa miguu, matope hadi chini ya magoti, katekista amefunga kitabu chake kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwambia binti yangu, "Twende." Akasema kichwa kinamuuma. Nikasema, "Kibebe." Nikamwambia pia achukue kile kitabu cha shule. Alikuwa na miaka kumi na tano, amekua, hakuna wa kumfukuza kwenye maiti.

Nilipofika sikusalimia mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane, nikamwomba koti la mzee la kurinia na kofia yake. Alinipa haraka, kama mtu aliyekuwa amevishika akiningoja. Koti lilinuka moshi na asali iliyochacha. Nikavaa. Nikanusa ugoro wake, na sijawahi kunusa ugoro maishani, macho yakanitoka maji. Nikaanza kuchechemea kama yeye, nawatukana waombolezaji, namuuliza katekista kama mbinguni kuna nyuki au ni malaika tu, nawaambia vijana waliobeba jeneza washike vizuri, mbao hizo za mninga ni bora kuliko aliyemo ndani. Watu walianza kucheka. Kwa pembe ya jicho nilimtafuta binti yangu. Alikuwa amesimama nyuma, uso umefungwa.

Mwandishi alikuwa amekaa kando ya mama yake, miwani imeingia ukungu. Hakulia. Alikuwa jiwe. Nilimtambua, maana nimewahi kuwa pale alipo.

Kaburini maji yalikuwa yamejaa kiasi cha shibiri. Niliingia. Miaka yangu haikuwa mingi wakati ule, lakini magoti yalinipigia kelele. Nikakaa chini kabisa kwenye matope, maji yakapanda hadi kiunoni, baridi, yenye minyoo. Nikasema kama ilivyo desturi, "Hapa pana mtu. Katafuteni shimo lingine."

Mjomba wa marehemu akaja ukingoni, kama ilivyo desturi. "Mtani unataka nini? Kuku?"

"Kuku wenu wana kideri."

"Unataka asali?"

"Nataka nisomewe. Mwanangu, mwenye mali yake ya London, asome ukurasa wa fisi. Kwa Kiswahili, mbele ya watu. Kitabu anacho yule msichana."

Watu hawakuelewa, lakini haki ya mtani wanaijua. Anachodai kaburini hakikataliwi, la sivyo maiti inalala nje. Walimtazama mwandishi. Binti yangu aliletwa mbele akampa kitabu bila kumtazama usoni. Mwandishi alikifungua. Hakuhitaji kuutafuta ukurasa.

Akasoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya redio. Alama ya moto shingoni. Nyumba inayonuka samaki. Watu wa Mwamkulu na wa Majengo walisimama kwenye mvua wakisikia wenyewe wanavyosemwa. Alipofika kwenye maziwa, mwanamke mmoja mzee aliyenikanda siku ile ya msiba wangu alitema mate, hakutema pembeni, alitema karibu na viatu vyake. Alipofika kwenye mlevi, mama yake mwenyewe aliinua kichwa.

"Mlevi nani?" akauliza. "Baba yako?"

Akaendelea, maana hawezi kuacha, niko kaburini. Akasema, "Na yule mke akatupa kichwa nyuma, akacheka..." Mdomo uko wazi, neno la fisi halitoki.

Mvua tu juu ya majani ya mgomba.

Ule ugoro haukuwa umemaliza kazi yake. Nilipiga chafya. Ilitoka chini ya ardhi, nzito, ikagonga kuta za kaburi. Nikainua kidole kutoka kwenye matope. "Ya kwanza ya pua," nikasema kwa sauti ya mzee. Nikapiga ya pili. "Ya serikali." Watu wameshaanza kucheka. Ya tatu ilikuwa kubwa, kofia ikaanguka majini, nikaiokota, nikaivaa na maji yake, yakanimwagikia usoni, nikasema, "Hiyo ni ya London. Imetoka mbali, inanusa watu, haipigi hodi. Mwanangu, umewaambia Wazungu mimi ni mlevi, na humu ndani hakuna hata togwa."

Alicheka. Kilimtoka kama kilivyonitoka mimi, bila ruhusa. Alitupa kichwa nyuma, meno yote nje, mbele ya jeneza la baba yake, miwani ikaanguka kwenye matope, kamasi zikamtoka, akashika tumbo. Kisha akakaa chini na ile suti yake, akaanza kulia kama ndama. Mama yake akamshika kichwa.

Nikamwambia kutoka shimoni, "Hiyo nayo kaiandike." Sikumwambia kwa wema. Wanaume wanne wakanivuta nje kama gunia.

Tulirudi Majengo mimi na binti yangu. Nilikuwa nanuka kaburi. Matope yalikuwa yamenikaukia hadi mapajani, na nilijitia kinyaa mwenyewe. Nilikaa kwenye kile kigoda nje ya mlango. Binti yangu akaleta maji kwenye karai, akachuchumaa, akaanza kuniosha miguu. Alisugua kwa kiganja chake, kidole kwa kidole. Alipofika kwenye mguu wa kulia akauliza, "Alikuwa anasukuma kwa huu?"

"Nani?"

"Baba. Kwenye pedali moja."

"Kwa huo. Huu mwingine anauning'iniza. Halafu anajirusha."

"Nionyeshe."

Nilisimama na miguu yangu inayochuruzika, nikamwonyesha. Nilizunguka karai mara mbili. Alitazama kwa makini kama mtu anayefundishwa kushona. Usiku huo alikula sahani moja na mimi.

Mambo hayakwisha vizuri, usidhani. Mwandishi aliandika vitabu vingine viwili, sijui vina nini. Kile cha kwanza kilichapwa tena na tena, na fisi yumo, kurasa nne hazijarudi. Mwaka jana mjukuu wangu, yule mwalimu, alikiona maktaba. Kinafundishwa. Nikikifikiria mate ya chumvi yanarudi mdomoni.

Nakala moja tu ndiyo iliyokuwa tofauti, ile ya shule. Binti yangu, kabla hajarudi shuleni, alikaa siku tatu mezani na kalamu ya wino. Kwenye ile sura, pembeni mwa maandishi, juu, chini, kila palipokuwa peupe, aliandika kwa Kiswahili: pedali, kofia, ugali, tumbo, mtani ni nani na anafanya nini, na mtoto mchanga aliyekuwa amekufa mwezi mmoja kabla. Herufi ndogondogo, zimejaa kama siafu.

Mwalimu aliyagundua maandishi hayo. Binti yangu aliadhibiwa mbele ya wenzake, akapewa vyoo vya bweni lote kusafisha kwa wiki mbili, kwa kosa la kuchafua kitabu cha shule. Aliniandikia barua kunieleza. Nilimtumia karanga na sabuni.